Maji Anayoyameza Mtoto Kabla ya Kuzaliwa

  Kama hukuwahi kulisikia somo hili redioni, maneno yake yote yamepigwa chapa hapa. Mmoja na asome kwa sauti, wengine wafuate kwa kidole, mstari kwa mstari.

Kabla hatujaanza, leteni vitu vitatu: kikombe cha chai, kijiko kidogo cha chai, na taulo. Viwekeni mezani. Tutavitumia.

Somo la leo ni juu ya maji anamokaa mtoto tumboni mwa mama yake, na kazi ya maji hayo katika kuutengeneza utumbo wake. Halafu tutamtazama mtoto aliyezaliwa mapema mno, yaani yule aliyetoka katika maji hayo kabla kazi haijakwisha. Huenda ukajiuliza, "Mambo haya yananihusu nini mimi?" Ngoja kidogo. Mwisho wa somo utaona kwamba matone machache ya maziwa, ambayo watu wengi wameyamwaga kwa kudhani kuwa hayafai, yanaweza kuokoa maisha ya mtoto.

1. Maji haya ni nini?

Mwanamke anapokaribia kujifungua, wakunga husema, "Chupa imepasuka." Chupa hiyo si ya kioo. Ni ngozi nyembamba inayomzunguka mtoto ndani ya mji wa mimba, na ndani yake mna maji. Tunayaita maji ya uzazi.

Watu wengi hudhani kwamba maji haya yana kazi moja tu, yaani kumkinga mtoto asiumie mama akijigonga au akianguka. Ni kweli, hiyo ni kazi yake mojawapo. Tena maji humpa mtoto nafasi ya kunyosha mikono na miguu, nayo husaidia mapafu yake kukua. Lakini iko kazi nyingine ambayo haisemwi sana. Mtoto huyameza maji hayo.

Maji yenyewe yatoka wapi? Katika miezi ya kwanza hupenya kutoka katika damu ya mama na katika ngozi laini ya mtoto. Katika nusu ya pili ya mimba, sehemu kubwa hutoka kwa mtoto mwenyewe. Ni mkojo wake, pamoja na majimaji yatokayo mapafuni mwake. Usicheke, wala usione kinyaa. Mkojo wa mtoto aliye tumboni si kama huu wetu. Taka za mwili wake hupita katika kamba ya kitovu, zikaingia katika kondo la nyuma, na huko huchukuliwa na damu ya mama. Figo za mama ndizo zinazozitoa nje. Kwa hiyo mkojo wa mtoto ni maji yaliyo karibu kuwa safi.

Mtoto huanza kumeza mapema, mimba ikiwa na majuma kama 12 hivi. Kwanza humeza kidogo sana. Kadiri anavyokua, ndivyo anavyozidi kumeza. Sasa chukua kikombe chako, ukijaze maji, uyamimine katika bakuli. Kijaze tena mara ya pili, uyamimine. Hayo ni kiasi cha nusu lita. Mtoto aliyekaribia kuzaliwa humeza kiasi hicho, au hata zaidi, kila siku.

Je, maji hayaishi? Hayaishi, maana yanazunguka. Mtoto humeza, utumbo hunyonya, maji huingia katika damu, figo huyachuja, naye huyakojoa tena. Ni kama bahari inayotoa mvuke, mvuke ukawa mawingu, na mawingu yakarudisha mvua baharini.

2. Tunajuaje kwamba anameza?

Ewe mama uliyezaa, kumbuka choo cha kwanza cha mtoto wako. Kilikuwa cheusi chenye rangi ya kijani, chenye kunata kama lami. Mtoto alikuwa bado hajala chakula chochote cha dunia hii. Basi choo hicho kilitoka wapi? Kilitokana na vitu alivyovimeza pamoja na maji tumboni, kama vile vipande vidogo vya ngozi na vinyweleo laini vya mwili wake, vikachanganyika na nyongo na ute wa utumbo. Choo hicho ni ushahidi kwamba utumbo wake ulikwisha kuanza kazi.

Uko ushahidi mwingine. Mara chache huzaliwa mtoto ambaye njia yake ya chakula, kutoka kooni hadi tumboni, imeziba. Mtoto wa namna hiyo hawezi kumeza vizuri. Mara nyingi mama yake huwa na maji mengi kupita kiasi, kwa kuwa yanaongezeka na hakuna anayeyapunguza.

3. Utumbo hujifunza kazi

Sasa shika taulo. Lipapase. Si laini kama shuka, bali lina nyuzi nyingi fupi zilizosimama. Nyuzi hizo ndizo zinazolifanya taulo linyonye maji mengi. Utumbo mwembamba wa mwanadamu una umbo kama hilo kwa ndani. Una vidole vidogo sana, visivyohesabika, vinavyonyonya chakula na kukiingiza katika damu. Bila vidole hivyo mtu angekula akashiba, na bado akafa kwa njaa.

Vidole hivyo huanza kuota mimba ikiwa bado changa, katika mwezi wa tatu hivi. Lakini kuota si kukomaa. Utumbo huendelea kurefuka na kupata nguvu mpaka mwisho wa mimba. Katika miezi mitatu ya mwisho urefu wake huzidi sana, hata ukakaribia kuwa mara mbili ya ulivyokuwa.

Maji yanayomezwa husaidia kazi hii. Ndani yake mna chumvichumvi, sukari kidogo, protini, na vitu vinavyouamsha mwili ukue. Kimojawapo kiligunduliwa na mtaalamu wa Marekani, Stanley Cohen. Aliona kwamba watoto wa panya waliochomwa sindano ya kitu hicho walifumbua macho mapema kuliko desturi. Baadaye ikajulikana kwamba kitu hicho huamrisha ngozi ya nje, na pia ngozi ya ndani ya utumbo, ikue na kujitengeneza. Kwa kazi hiyo Cohen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986, pamoja na Rita Levi-Montalcini. Kitu hicho kimo katika maji ya uzazi, na mtoto hukimeza kila siku.

Wataalamu walitaka kuhakikisha jambo hili. Huko Australia, Trahair na Harding waliwachunguza kondoo wenye mimba. Waliziba njia ya chakula ya mwana-kondoo akiwa bado tumboni, asiweze kumeza. Utumbo wake haukukua sawasawa. Kisha walipomrudishia uwezo wa kumeza, utumbo ukakua tena. Walitangaza habari hizo mwaka 1995. Kwa hiyo mtoto tumboni hamezi kwa mchezo. Anaulisha na kuufundisha utumbo wake, ili siku ya kuzaliwa uwe tayari kupokea maziwa.

4. Mtoto aliyezaliwa mapema mno

Mimba kamili ni majuma 40 hivi, tukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 37 kutimia amezaliwa kabla ya siku zake. Watu humwita njiti. Lakini njiti wote si sawa. Yule aliyezaliwa kabla ya majuma 28 amezaliwa mapema mno. Mara nyingi hafiki kilo moja na robo, na wengi hawafiki hata kilo moja.

Watu wakimwona mtoto huyo, kwanza huogopa kwa sababu ya pumzi yake, nao wana haki, maana mapafu yake ni machanga. Lakini utumbo wake pia ni mchanga. Jana alikuwa akimeza maji laini yaliyochujwa na mwili wake mwenyewe. Leo kamba ya kitovu imekatwa, maji yamekwisha, naye yuko duniani penye baridi na vijidudu. Alibakiwa na miezi mitatu ya kujifunza, naye ametolewa darasani.

Tazama upungufu wake. Utumbo haujajua kusukuma chakula kwa mpango, kwa hiyo maziwa hukaa mahali pamoja. Nguvu ya kuyeyusha sukari ya maziwa bado ni ndogo. Ukuta wa utumbo ni mwembamba, na vijidudu huweza kuupenya. Tena hawezi kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi kwa kufuatana. Mtoto hujua kazi hiyo vizuri kwenye majuma kama 34. Ndiyo maana wauguzi humpitishia mpira mwembamba puani au mdomoni hadi tumboni.

Uko ugonjwa mmoja ambao waganga huuogopa sana kwa watoto hawa. Sehemu ya utumbo huvimba, ikakosa damu, ikaanza kufa. Wakati mwingine utumbo hutoboka. Ugonjwa huu huweza kuja baada ya siku nyingi au majuma kadhaa, hata watu wa nyumbani wakiwa wamekwisha kufurahi kwamba mtoto anaendelea vizuri. Dalili zake ni hizi: tumbo kujaa na kuwa gumu, matapishi ya kijani, damu katika choo, na mtoto kulegea. Mama aliyekaa karibu na mtoto huweza kuziona dalili hizi kabla ya mtu mwingine. Akiziona, amwite mwuguzi papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

5. Je, tumpe maji?

Labda bibi mmoja darasani ameinua mkono. Anasema, "Mwalimu, umetuambia mtoto tumboni humeza maji. Basi akizaliwa, si tumpe maji? Sisi zamani tulifanya hivyo."

Bibi yangu, swali lako ni zuri, na jibu ni hapana. Maji ya kisimani si maji ya uzazi. Hayana protini, wala vile vitu vya kuukuza utumbo, tena huweza kuwa na vijidudu. Hata yakichemshwa, hujaza tumbo dogo pasipo kulisha. Usimpe maji, wala uji, wala maji ya sukari, wala dawa za mitishamba.

Wataalamu nao wamewaza kama ulivyowaza wewe. Mwaka 2002, huko Marekani, ilitangazwa habari ya waganga waliowapa njiti maji yaliyotengenezwa kwa mfano wa maji ya uzazi, wakaona kwamba watoto waliyavumilia. Huko Denmaki, mwaka 2013, ilitangazwa habari ya watoto wa nguruwe waliozaliwa kabla ya siku wakapewa maji ya uzazi, na ule ugonjwa wa utumbo ukapungua. Hayo ni majaribio mazuri, lakini hayajawa dawa ya kawaida ya hospitali. Kiko kitu kingine kilicho karibu zaidi, kisicho na bei, nacho kimo kifuani mwa mama.

6. Dang'a

Maziwa ya kwanza ya mama huitwa dang'a. Ni mazito, yenye rangi ya manjano, na hutoka kidogo kidogo. Kwa sababu ya rangi hiyo, wako watu wanaoyaita maziwa machafu, wakayakamua chini. Wanamwaga mali.

Kile kitu alichokigundua Cohen, kinachoamrisha utumbo ukue, kimo pia katika dang'a. Tena wataalamu wamepima maziwa ya akina mama waliozaa mapema mno, wakaona kwamba kitu hicho kimo kwa wingi zaidi kuliko katika maziwa ya mama aliyezaa kwa siku zake. Zaidi ya hayo, dang'a ina kinga za kupigana na vijidudu, ambazo huupaka utumbo kama chokaa inavyopaka ukuta. Kwa hiyo mtoto aliyetoka katika maji mapema anaweza kuendelea na masomo yake kwa maziwa ya mama.

Mwaka 1990, Lucas na Cole wa Uingereza walitangaza habari za njiti 926. Waliolishwa maziwa ya kopo peke yake walipata ule ugonjwa wa utumbo mara 6 hadi 10 zaidi kuliko waliolishwa maziwa ya binadamu peke yake. Soma tarakimu hizo tena, polepole.

Lakini mama aliyejifungua mapema hukata tamaa. Anakamua, anapata matone tu. Anasema, "Sina maziwa." Jamaa nao wanamwambia, "Nunua kopo." Basi sasa chukua kile kijiko cha chai. Kijiko kimoja kinachukua mililita 5. Mtoto wa gramu 800 huweza kuanzishiwa mililita 8 hadi 16 kwa siku nzima, mchana na usiku. Hayo ni kiasi cha vijiko viwili au vitatu tu, na tena hugawanywa mara nyingi. Kila mara hupata matone machache. Kwa hiyo matone yale uliyoyaona kuwa si kitu, kwake yeye ni mlo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa nini apewe kidogo hivyo? Kwa sababu kwanza hatulishi mwili wote. Mwili hupata chakula kingine kwa dripu katika mshipa. Tunauamsha utumbo. Utumbo ukiachwa mtupu siku nyingi, vile vidole vyake hufupika na kudhoofika. Matone machache huufanya ukumbuke kazi. Kisha waganga huongeza kiasi siku kwa siku, wakimtazama mtoto anavyopokea.

7. Mambo ya kufanya

Kwanza. Maji yakianza kutoka kabla ya siku, hata kwa kuchuruzika kidogo bila uchungu, usingoje kuche. Nenda hospitali. Waganga huweza kumpa mama sindano zinazoyakomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa, na sindano hizo humpunguzia mtoto hatari ya ule ugonjwa wa utumbo pia.

Pili. Mtoto akizaliwa mapema, mama aanze kukamua katika saa chache za kwanza. Anawe mikono kwa sabuni, akamue kwa mkono, na matone yakusanywe katika kikombe safi au bomba la sindano lisilo na sindano. Akamue mara 8 au zaidi kwa mchana na usiku. Maziwa huja kwa kukamuliwa.

Tatu. Kama mama ni mgonjwa au maziwa hayatoki, waulize waganga. Mahali pengine hospitali ina maziwa yaliyotolewa na akina mama wengine, yakapimwa na kutiwa moto ili kuua vijidudu. Huko Nairobi, katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, benki ya maziwa ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 2019. Lakini usimpe mtoto maziwa ya jirani kwa siri, maana virusi vya ukimwi huweza kupita katika maziwa.

Nne, na hili ni lenu, akina baba na akina mama wakwe. Mama aliye hospitalini na njiti ana kazi ya kukamua usiku na mchana. Mpelekeeni chakula na maji ya kunywa. Mwangalizieni watoto aliowaacha nyumbani. Msimwulize, "Mbona maziwa yenyewe machache hivyo?" Mkimwona ameshika kikombe chenye matone matatu, mwambieni, "Hongera mama, umempatia mtoto chakula chake."

Basi, wasikilizaji, somo letu limekwisha. Rudisheni taulo na kikombe mahali pake. Lakini kijiko kikumbukeni.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mtoto aliye tumboni huyapata wapi maji anayoyameza?
2. Choo cha kwanza cha mtoto kinatufundisha nini?
3. Kwa nini utumbo umefananishwa na taulo?
4. Jirani yako anataka kumpa njiti maji ya sukari. Utamwambia nini, bila kumwudhi?
5. Katika kijiji chenu watu husema nini juu ya dang'a? Je, ni kweli?

Maneno ya kusoma na kuandika

Chupa: ngozi nyembamba yenye maji inayomzunguka mtoto tumboni.
Kondo la nyuma: kiungo kinachounganisha mtoto na mama, hutoka baada ya mtoto kuzaliwa.
Njiti: mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.
Dang'a: maziwa ya kwanza ya mama.
Kukamua: kutoa maziwa kwa kubana kwa mkono.

Andika katika daftari lako sentensi hii mara tatu: "Tone la dang'a ni chakula cha njiti."